Mhariri, hiyo taa "nyeupe" ni ya namba gani?

Bwana Mhariri,

Ukurasa wenu wa kilimo juzi ulisema anayekuza miche ndani ya nyumba "atumie taa nyeupe", basi, mkaishia hapo mkarukia mbolea. Nyeupe gani? Mie hiyo nyeupe ishanilia pesa ndo maana naandika.

Najua kuna watakaocheka, mtu wa Lamu na jua lote hili ananunulia miche taa. Wacheke, ila waje huku Mkomani waone nyumba zetu za mawe zilivyobanana, kichochoro akipita punda wewe unajibanza ukutani, na chumba cha chini saa sita mchana unawasha taa kutafuta kiatu. Huko juu jua lipo tele lakini na paka wapo, kila trei ya udongo kwao ni choo, halafu upepo wa kusi na chumvi yake unamalizia kilichobaki. Kwa hivyo nyanya na mrehani wangu naanzia ndani mpaka zipate majani ya kutosha ndo nazipandisha.

Mara ya kwanza nilienda dukani nikaomba taa ya mimea, nikapewa glopu ya LED nikaambiwa taa ni taa. Nikaitia kwenye holda ya pale juu, na dari za nyumba hizi mnazijua, boriti ziko mbali huko. Siku kumi tu miche imerefuka, shina kama uzi, majani njano njano, yote imelala upande mmoja kama watu waliokesha na miraa.

Nikaitoa ile glopu nikaisoma ubavuni: 3000K. Hiyo K ni kelvini, inasema rangi ya mwanga, si nguvu ya glopu wala moto wake ukiishika. Ukitaka kuielewa mtazame mhunzi, chuma kikianza kushika moto huwa chekundu, kikizidi huwa manjano, kikizidi tena kinaelekea weupe, na namba nazo ni hivyo hivyo: 2700 na 3000 ni ule unjano wa sebuleni, 4000 iko katikati, 5000 mpaka 6500 ni weupe wa mchana ulio na buluu nyingi ndani yake. Hiyo buluu ndo mche unaitaka wakati wa kutoa majani, inauzuia kurefuka ovyo, pingili zinakuwa fupi na shina linanenepa. Ile ya njano ina wekundu mwingi, si sumu, wengine huiweka baadaye mmea ukianza maua, ila mche mchanga unapata urefu usio na nguvu.

Basi nikanunua ya 6500K na safari hii nikavuta waya nikaishusha mpaka shubiri moja juu ya majani. Mambo yakabadilika, nikaanza kujitapa barazani. Mpwa wangu, yuko sekondari, akanikata: "Mjomba, umebadilisha rangi na umbali kwa pamoja, sasa utajuaje kipi kimesaidia?" Nikakosa jibu. Akapanga trei mbili, glopu mbili za wati sawa, moja 3000 moja 6500, zote shubiri moja, zote saa kumi na nne kwa siku. Wiki tatu baadaye trei zote mbili zilikuwa hai na kijani! Za njano zilikuwa ndefu, kati ya jani na jani kidole kizima, za nyeupe zimekaa chini zimejaza, nafasi kama nusu ya hiyo. Kumbe kosa langu kubwa lilikuwa boriti, mwanga ukiwa mbali unafifia haraka sana, rangi yenyewe imeamua umbo tu. Hilo nalo mngeliandika.

Tena kuna boksi zinaandika kwa herufi kubwa sawa na wati 100, ukiligeuza unakuta inakula wati 13. Kwa tokeni ni nafuu, saa kumi na nne kila siku ni kama yuniti tano na nusu kwa mwezi, lakini mtu asidhani ameweka jua. Na zile taa za zambarau za mtandaoni, zinafanya kazi sawa, ila bei yake, na chini yake jani likianza madoa hulioni mpaka ulitoe nje. Mie sizitaki.

Kwa hivyo mkiandika tena habari za taa wekeni namba, ya kelvini na ya umbali, zote mbili. Mpwa wangu sasa anataka kujaribu 4000, nimemwambia tokeni anunue yeye.

Msomaji wenu,
Mkomani, Lamu