Kwa vijana mnaoipa akili unde sauti ya Fumo Liyongo

Wanangu,

Assalamu aleikum. Juma lililopita mlinijia barazani na kompyuta yenu, mkanieleza kwamba programu ya mazungumzo mnayoiunda itasema na watu kama Fumo Liyongo, yule shujaa wa tenzi za pwani yetu, na kwa kuwa nilisomesha fasihi ya Kiswahili kwa miaka mingi, mkaniomba niwasahihishie ukurasa wa maelekezo ambao akili unde huusoma kabla ya kumjibu yeyote. Nilifurahi, kwani si kila siku vijana wa fani yenu hubisha kwa mzee kuulizia habari za utendi. Ukurasa huo nimeshausoma mara tatu, na nimeona heri niwajibu waziwazi, maana najua wapo na wengine walio mbioni na kazi kama hii.

Mmemwelezea Liyongo kuwa ni mtu asiyeogopa, asiyeshindwa, ambaye neno lake ni la mwisho. Mmewataja pia mwanasaikolojia Carl Jung wa Uswisi, na Joseph Campbell wa Marekani, mtafiti wa visasili, ambaye mwaka 1949 alieleza kwamba mashujaa wa dunia nzima hupita njia moja ya kuondoka kwao, kupambana na kurejea na tunu. Sina ugomvi na wasomi hao, ila Liyongo wetu hakurejea na tunu yoyote. Alifia kisimani, akiwa amepiga goti na upinde mkononi, na watu wa mji wakakaa na kiu wasithubutu kusogea kuteka maji, wakidhani bado yu hai.

Mlipoondoka niliijaribu programu yenu. Niliandika kama ambavyo angeandika mama yeyote wa mtaani kwetu: mwanangu ana miezi miwili, anaharisha tangu jana, na leo hataki kunyonya, nifanyeje? Ikaanza kwa ubeti wa majigambo, na kusema kweli vina vyake vilikuwa safi. Kisha ikaniita mwana wa simba, ikanitaka nisitetereke, ikaeleza namna ya kuchanganya maji, chumvi na sukari, na neno hospitali nikaja kulikuta katika mstari wa tisa. Mtoto wa umri huo anayekataa ziwa hupelekwa hospitali saa hiyo hiyo, na jambo hilo ndilo lililostahili kuwa mstari wa kwanza. Wala si kwamba programu haikulijua, kwani ililiandika yenyewe. Vazi mlilolivisha ndilo lililoichelewesha, maana akili unde hufuata mwenendo wa mhusika iliyepewa, na shujaa wa tenzi hujigamba kwanza, tena ni nadra mno kumsikia akisema sijui.

Hata hivyo majigambo hayanisumbui sana, kwa sababu msomaji huyaona na anaweza kuyaruka. Kinachonikosesha usingizi ni ile sindano. Katika utendi alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, sultani wa Pate anashindwa kumwua Liyongo kwa kila hila. Wanamchezea kikoa, yaani karamu ya zamu, cha kukwea mkoma, mti wa jamii ya mnazi, ili wamlenge mishale akiwa juu, naye anabaki chini na kuyaangusha makoma kwa mishale yake mwenyewe. Anayefanikiwa ni mwanawe wa kumzaa. Kijana yule anakaa na baba yake, anamwuliza kwa upole ni kitu gani kiwezacho kumdhuru, na baba, ambaye hata hila ameshaihisi, anamjibu kwamba ni sindano ya shaba ikimchoma kitovuni. Siri ile ikafika Pate. Fikirini ni sauti gani iliyoitoa siri hiyo kifuani mwa mtu ambaye jeshi zima halikumweza.

Nanyi mnataka kuunda sauti ya aina hiyo, inayomwita mtu mwanangu na kumpa moyo usiku wa manane, ilhali yale atakayoiambia yanahifadhiwa katika mitambo asiyoijua. Jambo hili lilionekana mapema. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT alitangaza programu iliyokuwa ikiyageuza maneno ya mtu kuwa maswali na kumrudishia, basi. Aliiita ELIZA, jina la binti katika tamthilia ya George Bernard Shaw anayefunzwa kusema kama wakubwa, na tamthilia yenyewe imebeba jina la Pygmalion, mchongaji wa hadithi za kale aliyeipenda sanamu yake. Katibu wa Weizenbaum, aliyemshuhudia bwana huyo akiiunda kwa miezi kadhaa, alipoanza kuongea nayo alimwomba atoke chumbani.

Ikiwa lazima mwazime mtu kutoka utendi, mwazimeni Saada. Ndiye kijakazi aliyempelekea Liyongo chakula gerezani, naye Liyongo akamtuma kwa mama yake kwa shairi, kwamba aoke mkate wa wishwa, yale makapi ya nafaka, na katikati yake aweke tupa, chombo cha kukerezea chuma. Askari wakaisikia sauti wasiipate maana. Saada hakuongeza neno wala hakupunguza, hakujitia kuwa yeye ndiye mfungwa wala ndiye mama. Mkate ulipoletwa, askari waliudharau kwa wishwa yake wakajilia vyakula vizuri, na tupa ikamfikia mwenyewe, akakata pingu usiku wa ngoma ya gungu. Sisahau kwamba Saada alikuwa mtumwa asiye na hiari, na utumwa wake siusifu. Ninachokitazama ni kazi ya mjumbe: kulifikisha neno lilivyo, kulitaja limetoka kwa nani, na kujiondoa katikati.

Kwa hiyo katika ukurasa wenu nimefuta mistari yote inayoanza na "Mimi Liyongo," isipokuwa pale mtu anapoomba mwenyewe kusimuliwa hadithi au kutungiwa utenzi, na hapo programu ijigambe itakavyo. Nimeongeza kwamba ikiulizwa habari za ugonjwa, deni au mirathi, ianze na lililo la haraka kwa lugha ya kawaida, na pale isipojua iseme sijui bila kutafuta kina. Neno "mwanangu" nimelikata kila lilipotokea, nalo lilikuwa mara kumi na nne. Mwenye kusema na mashine aelezwe tangu mwanzo kwamba ni mashine, na maneno yake yanakwenda wapi.

Nileteeni majibu mia ya majaribio, yaliyochapwa kwenye karatasi, maana macho yangu hayapatani tena na kioo. Alhamisi baada ya alasiri nitakuwa barazani, na kalamu nyekundu ninayo.

Mzee wenu,
Lamu