Mmeanza Kufanana Naye: Barua ya Wazi kwa Vijana wa Kampeni

Wanangu,

Juma lililopita tulikuwa na kikao cha familia. Jambo lenyewe lilikuwa dogo. Mtoto wa mdogo wangu aliahidi kumpeleka shangazi yake hospitali; siku ikafika, hakutokea wala hakupiga simu. Shangazi akamuuliza kwa upole kulikoni. Kijana akasimama, akafunga kifungo cha koti, akainua vidole viwili vya mkono wa kulia usawa wa sikio, akasema: "Maneno haya nimeyazoea. Ni maneno ya wapinga maendeleo."

Chumba kizima kikanyamaza. Shangazi aliyemlea tangu akiwa na miaka minne, leo ni mpinga maendeleo! Mimi macho yangu yalibaki kwenye vile vidole. Siku chache kabla nilikuwa nimeviona kwenye televisheni, vikiinuliwa na mgombea wake, usawa uleule wa sikio, mwandishi wa habari alipomuuliza swali lililokuwa na haki ya kujibiwa. Baadaye tulipobaki wawili nilimuuliza kijana ishara ile kaitoa wapi. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kajifunza wapi kupumua. Hakujua kwamba anaifanya.

Hilo ndilo lililonikalisha niandike, kwenu nyinyi mnaovaa fulana zenye sura za wagombea, mnaokesha mkilinda kura, mnaoshinda kwenye simu mkijibu mapigo. Siku hizi wapo wanaowaita chawa. Mimi siwaiti hivyo. Wengi wenu naamini mmeingia huko kwa kuipenda nchi na kwa kuchoka kuona mambo yakiharibika, na kwa hilo nawaheshimu.

Mnasema mlimchagua kwa sababu mnafanana naye. Siku ya kwanza huenda ilikuwa kweli. Lakini ukimpenda mgombea, ukamsikiliza asubuhi na jioni, ukamtetea mbele za watu, naye anakufinyanga. Kwanza huja sauti: kile kituo chake kabla ya neno zito, ule msemo wake. Halafu matusi yake yanakuwa matusi yako. Halafu, na hapa ndipo panaponitia hofu, kile anachojisamehe yeye unaanza kukisamehe nawe. Unaanza kwa kumsamehe yeye, unamalizia kwa kujisamehe mwenyewe.

Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Albert Bandura na wenzake waliwaonyesha watoto wa miaka mitatu hadi sita mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa wa kupulizwa. Watoto wale walipowekwa baadaye kwenye chumba chenye mwanasesere wa namna ile, wengi walimpiga vilevile, na baadhi hata maneno ya yule mtu mzima wakayarudia. Hakuna aliyewaambia waige. Mtaniambia hao ni watoto. Basi chukueni watu wazima, tena wasomi. Mwaka 2003 mwanasaikolojia Geoffrey Cohen alichapisha matokeo ya majaribio aliyowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani. Aliwapa mpango wa serikali wa kusaidia maskini, wengine mpango wa ukarimu, wengine mpango wa kubana. Waliokuwa na msimamo wa kuwasaidia maskini waliukubali hata mpango wa kubana, mradi tu wameambiwa chama chao kimeuunga mkono. Wa upande wa pili nao wakaukubali mpango wa ukarimu kwa sababu hiyohiyo. Walipoulizwa kilichowaongoza, walisema ni yaliyomo kwenye mpango na imani zao wenyewe. Someni hapo tena, wanangu. Hawakuwa wakidanganya. Ni kama kijana wetu na vidole vyake.

Na kuhusu kusamehe kuna hesabu moja ambayo kila nikiikumbuka husimama nikaifikiria. Mwaka 2011 taasisi ya utafiti ya PRRI iliwauliza Wamarekani: kiongozi aliyefanya jambo chafu katika maisha yake ya faragha, je, anaweza bado kuwa mwadilifu katika kazi ya umma? Miongoni mwa Waprotestanti weupe wa makanisa ya kiinjili, waliosema anaweza walikuwa asilimia 30. Swali likarudiwa Oktoba 2016, Donald Trump akiwa ndiye mgombea wa wengi wao. Safari hii waliosema anaweza walikuwa asilimia 72. Maandiko yao hayakubadilika katika miaka mitano ile. Siwasemi Wamarekani kwa ubaya. Popote panapopigwa kampeni mtu anaweza kujiuliza swali hilohilo kuhusu upande wake, na nyinyi mjiulize. Ni kitu gani mwaka juzi kilikuwa haramu kwenu, na leo mnacho majibu yake tayari?

Wahenga walisema tabia ni ngozi. Nimeishi muda wa kutosha kuona kwamba ngozi hiyo inachanjwa chale.

Naijua njia inavyopita, kwa kuwa nimeipita. Katika kundi la wafuasi, cheo cha kwanza anapewa anayemwigiza vizuri mkubwa. Yule anayesema kwa utulivu, "hapa mgombea wetu amekosea," anaonekana amenunuliwa. Anayerudia kejeli ya mgombea kwa sauti kubwa zaidi anachekewa, anapigiwa makofi, anakaribishwa kwenye gari la mbele. Hakuna semina wala amri. Kicheko cha wenzako kinatosha kukufundisha, na kinafundisha haraka kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kumwona.

Tena mgombea naye anawasikiliza. Hili vijana wengi hamlioni. Anajaribu maneno matatu jukwaani: moja mnalinyamazia, la pili mnalipigia makofi kidogo, la tatu, lile la kumvua mtu nguo, mnalipigia vigelegele na miluzi. Kesho yake anaanza na lile la tatu. Kwa hiyo mnapofanana mwisho wa safari, si yeye peke yake aliyefinyanga.

Mkitaka kuona jinsi ilivyo vigumu kwa mgombea kuwarudisha watu wake nyuma, tazameni Oktoba 10, 2008, katika mji wa Lakeville, jimbo la Minnesota. John McCain alikuwa akigombea urais dhidi ya Barack Obama. Mtu mmoja mkutanoni akasema anaogopa Obama akiwa rais. McCain akamjibu kwamba Obama ni mtu mwadilifu, hakuna haja ya kumwogopa. Watu wake mwenyewe wakamzomea. Kisha mama mmoja akashika kipaza sauti akasema hamwamini Obama, kwa sababu ni Mwarabu. McCain akatikisa kichwa, akakichukua kile kipaza sauti, akamwambia hapana, huyo ni mtu wa familia na raia mwema ambaye mimi na yeye tunatofautiana katika mambo ya msingi. Jibu hilo lilikuwa na kasoro, kwa maana kuwa Mwarabu si tusi linalohitaji kukanushwa. Lakini alisimama mbele ya watu aliohitaji kura zao, akakataa kupokea walichomletea. Uchaguzi alishindwa. Watu wale walikuwa wameshakwenda mbele kuliko yeye, kwenye njia ambayo kampeni yake mwenyewe ilisaidia kuifungua.

Neema ni kwamba na wema huambukiza. Nimewahi kumwona mgombea mmoja mama, wa nafasi ndogo tu, aliyekuwa na daftari dogo mfukoni. Mtu akiuliza swali analiandika, akishindwa kujibu anasema, "Sijui, nitakuletea jibu," na kweli anarudi. Kampeni ilipofika katikati, kila kijana wake alikuwa na daftari mfukoni. Hakuwaagiza. Nilimsikia mmoja wao akibishana na mtu wa upande wa pili, akafika mahali akasema, "Hilo sina hakika nalo, ngoja niulize." Niliondoka pale moyo umejaa.

Na simu inaweza kufanya kazi kuliko jeshi. Mwaka 2011, baada ya uchaguzi wa rais wa Nigeria, watu zaidi ya 800 waliuawa katika siku tatu za ghasia. Mwaka 2015 wengi walikuwa wakingoja yaleyale. Machi 31, kabla matokeo hayajamalizika kutangazwa, Goodluck Jonathan, rais aliyekuwa madarakani, alimpigia simu mpinzani wake, Muhammadu Buhari, akampongeza kwa ushindi. Wapo miongoni mwa wafuasi wa Jonathan waliokuwa tayari kwa lolote. Mkubwa wao alipokubali, mikono yao ikashuka.

Sisemi kwamba mgombea mwema ni kinga. Gandhi alihubiri kutopiga, na bado Februari 4, 1922, huko Chauri Chaura nchini India, watu waliokuwa katika harakati zake walichoma kituo cha polisi, polisi wapatao 22 wakafa. Gandhi hakusema ni mamluki, na ingawa alikiri kwamba walichokozwa, hakukubali hilo liwe kisingizio. Alisimamisha harakati nzima, akafunga siku tano. Nawaombeni mumpime wenu kwa kipimo hicho: siku watu wake wanapofanya uovu kwa jina lake, anasema nini? Akinyamaza, ameshawajibu.

Sasa niwaambie langu, ambalo kwa miaka mingi nilikuwa nikilizunguka.

Nilipokuwa na umri wenu nilikuwa mpambe wa mgombea mmoja. Nilimpenda, sitaficha. Alikuwa na ulimi ambao ungeweza kumfanya aliyelala njaa acheke. Mpinzani wake alikuwa anachechemea, na yeye jukwaani alikuwa akimwiga anavyotembea, hatua tatu kwenda, tatu kurudi, na uwanja mzima unalipuka. Mara ya kwanza nilitazama chini. Mara ya nne nilicheka. Sikumbuki mara ya ngapi nilianza kuwahimiza wengine wacheke.

Nilikuwa na rafiki tuliyesoma naye dawati moja, mwenye kigugumizi. Tangu tukiwa watoto mimi ndiye niliyekuwa nikiwanyamazisha waliomcheka. Yeye akawa upande wa pili. Siku moja, kwenye mkutano wa mtaa, alisimama kuuliza swali kuhusu fedha za ujenzi wa kisima, swali la haki kabisa. Akakwama kwenye neno la kwanza. Nami, bila kufikiri, nikalidaka lile neno nikalirudia kama alivyolikwamia, mara nne, tano, kwa sauti ya kipaza sauti. Watu walicheka sana. Yeye akakaa. Swali la kisima halikuulizwa tena siku ile.

Usiku ule mama yangu, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa ya mkutano, aliniambia neno moja tu: "Ile haikuwa sauti yako." Nilimjibu kwa ukali. Nilimjibu, sasa ndiyo natambua, kwa sauti ileile ambayo haikuwa yangu.

Mgombea wangu alishindwa. Baada ya miaka miwili yeye na yule aliyekuwa akimwiga kuchechemea walikuwa kwenye meza moja, wamepatana, na mimi sikualikwa. Wao waliweka silaha zao chini, kwa kuwa kwao ilikuwa kazi na kazi imekwisha. Mimi nilirudi nyumbani na ulimi ule. Niliutumia kwa mke wangu. Niliutumia kwa wanangu, na mmoja wao hadi leo, nikipandisha sauti kidogo, hutoka nje. Mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwangu wamekula.

Kwa hiyo kabla hamjalala leo, tafuteni kwenye simu zenu ujumbe wa sauti mliomtumia mtu mnayempenda kabla kampeni hazijaanza. Usikilizeni, kisha msikilize wa jana. Halafu mwulizeni aliyewalea kama anawatambua, na akisema hapana, msimjibu. Kaeni nalo.

Ilinichukua miaka tisa kwenda kwa rafiki yangu. Nilimkuta kibarazani kwake, anatengeneza redio. Sikuwa na hotuba. Nilisema tu kwamba nimekuja kwa ajili ya siku ile ya kisima. Aliweka bisibisi chini, akataka kuniita jina langu, akakwama kwenye herufi ya kwanza kama zamani. Nilisimama pale, sikumsaidia, sikumkatiza, nikangoja mpaka akalimaliza lote.

Mimi baba yenu.