Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mwaka jana nilisimama hapa nikaahidi kwamba tungemaliza miondoko 24 ya taichi, sanaa ya Kichina ya kupigana tunayoifanya kwa mwendo wa polepole, na kuanza mazoezi ya upanga. Upanga bado uko kabatini. Najua wapo walioudhika, kwa hiyo nianzie hapo.

Mwezi wa pili mwalimu alitupanga mstari, akapita akimsukuma kila mmoja kwa vidole viwili kifuani. Tuliyumba wote, mwenyekiti akiwa wa kwanza. Miondoko tulikuwa tunaijua kwa majina, lakini mabega yalikuwa yamepanda masikioni na magoti yamekakamaa. Tangu siku hiyo tumerudi kwenye kusimama kama nguzo: magoti yamekunjwa kidogo, mikono kama imekumbatia mtungi, kimya. Tulianza na dakika tano. Sasa wengi mnafika ishirini, ingawa bado nasikia watu wakihema.

Kwa wageni wetu: mfululizo wa 24 ulitungwa China mwaka 1956 na mamlaka ya michezo ya serikali, ukafupishwa kutoka mtindo wa Yang, mmoja wa mitindo ya taichi, ili umma ujifunze kwa ajili ya afya. Ni kazi nzuri, na wengi wetu tuliingilia mlango huo. Ila taichi ni ya zamani kuliko hapo. Ukoo wa Chen wa kijiji cha Chenjiagou, mkoani Henan, ulikuwa nayo tangu karne ya 17. Yang Luchan, ambaye hakuwa wa ukoo huo, alifundishwa na Chen Changxing kisha akaipeleka Beijing. Hawa walikuwa wapiganaji. Hata jina kamili, taijiquan, linaishia na neno la ngumi.

Neno la Kichina lililotusumbua mwaka mzima ni "song". Tulizoea kulitafsiri "legea", na tafsiri hiyo imetuponza, maana aliyelegea tu huporomoka kama nguo iliyochomoka kwenye kamba. Song ni kuuachia msuli usio na kazi huku mifupa ikibaki imejipanga: utosi juu, kifandugu kinaning'inia, nyonga wazi. Hapo uzito hushuka hadi nyayoni, na anayekusukuma hujikuta anaisukuma ardhi. Halafu ndipo mwendo unafuata, wa kujizungusha kama mtu anayekokota uzi wa hariri kutoka kwenye kifukofuko. Ukivuta kwa pupa unakatika, ukisitasita unajisokota. Ndiyo sababu tunakwenda polepole. Si kwa kuwa tumezeeka, kama alivyodai mtoto mmoja dirishani.

Kwenye kusukumana mikono hali si nzuri, na sitaificha. Zoezi hili ni la kusikiliza: ngozi yako inagusa ya mwenzako, unaijua nguvu yake inaelekea wapi kabla haijafika, unaipisha, kisha unarudisha. Vijana wetu wameligeuza mieleka. Mwezi wa nane mwanachama mmoja aliteguka kifundo cha mkono. Kamati imeamua kwamba atakayetumia nguvu ya bega ataondoka kwenye duara arudi kwenye nguzo, bila kujali umri wala cheo.

Lilikuja pia ombi la mikanda ya rangi. Tumelikataa. Mikanda ni ya judo na wenzake wa Japani. Taichi ya jadi haikuwa nayo, na mwalimu anakupima kwa kukugusa mkono. Waombaji walisema mkanda ungewavutia watoto. Pengine, lakini watoto tulionao huja kwa sababu ya upanga.

Ada zinakusanywa kwa kusuasua. Mhazini atasoma hesabu zake. Ukumbi tunauazima bado, na tukikuta harusi tunahamia chini ya mwembe kama kawaida. Namshukuru katibu, aliyeandika mihtasari yote kwa mkono wake.

Kuhusu upanga, mwalimu ameniambia atapita tena na vile vidole viwili mwezi ujao. Watakaobaki wamesimama wataanza.

Mwenyekiti