Risala ya Wahitimu wa Mlimani Waishio Morogoro kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, meza kuu, wahitimu wenzangu, na akina mama wa jikoni mnaotusubiri tangu saa nane: itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kufika. Wapo waliothibitisha kwa barua yenye muhuri, siku ilipofika wakatuletea msaidizi mwenye pole nyingi. Wewe umekuja mwenyewe, tena umekuja kabla ya saa ya kwenye ratiba, jambo lililotukuta bado tunapanga viti. Utusamehe.

Mheshimiwa, historia tutaikimbia kwa sababu na wewe umesoma Mlimani. Chuo chetu, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. Darasa zima lingeenea kwenye Hiace moja na kondakta angeendelea kuita abiria. Mwaka 1964 kikapanda Mlimani, na Julai 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Katika darasa lile la kwanza alikuwamo Julie Manning, aliyekuja kuwa Waziri wa Sheria mwaka 1975. Baadaye wakapita Museveni, Kikwete, Magufuli. Akapita Dkt. Asha-Rose Migiro, Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 hadi 2012. Hao habari zao zina watu wa kuziandika. Za kwetu sisi zina kaunta buku, na hiyo ndiyo iliyotuleta mbele yako.

Lakini kwanza mafanikio. Tangu mkutano uliopita mwenzetu mmoja amepanda kutoka Afisa Daraja la Pili hadi Daraja la Kwanza, hatua tunayoihesabu kuwa ya kitaifa. Mwingine amewekeza katika sekta ya uchapishaji: ana mashine mbili za fotokopi pale stendi, na moja inatoa rangi. Mwalimu wetu wa hisabati amechaguliwa mwenyekiti wa mtaa kwa kura nyingi, kwani mpinzani wake alikuwa safarini. Dada yetu mmoja amemaliza shahada ya uzamivu huku analea mapacha. Hapo hatuongezi chumvi, tunasimama na kupiga makofi. Na kaka yetu wa Hall Two, mliyemzoea kwa jina la Askofu, ameoa. Tulianza kuchanga kamati ya harusi hiyo enzi za Awamu ya Nne.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, habari zote hizi zimo kwenye kaunta buku ya kwaya nne, ambayo Katibu anaitunza nyumbani kwake juu ya kabati la vyombo. Leo tumekuja nayo, hii hapa. Utaona kona ya chini imeliwa na panya, kwa hiyo wenye majina yanayoanzia K hadi M hawana namba za simu. Ukurasa wa waliohamia Dodoma umegandana kwa chai. Tuna kundi la WhatsApp, ni kweli, ila humo habari ya msiba inafuatana na tangazo la vifaranga na sala ya asubuhi. Ukichelewa nusu siku umeikosa.

Na tumekwishaikosa. Mwaka jana tulisikia ndugu yetu mmoja amepandishwa cheo. Tukachanga, tukanunua kadi, tukaandika "Hongera, Mlimani inajivunia". Kadi ilipokelewa na mjane, siku ya 11 baada ya mazishi. Mama yule alitupigia simu kutushukuru. Hakutulaumu hata kidogo, na tungefarijika zaidi kama angetulaumu.

Ndiyo maana ombi letu ni lile lile. Mgeni rasmi wa 2021 alituahidi kompyuta mbili na printa. Tulipiga makofi, tukapiga na picha. Wa 2022 alituahidi kumkumbusha wa 2021. Wa 2023 alitaka mchanganuo, tukampelekea pamoja na profoma, karatasi ya bei ya dukani. Profoma ile huisha muda kila baada ya siku 30, nasi tumeihuisha mara tano, hadi muuzaji akamuuliza Katibu: "Mzee, nyie mnakusanya karatasi au mnanunua kompyuta?" Noti ya shilingi 500, ile yenye Ukumbi wa Nkrumah mgongoni, imeondolewa kwenye mzunguko mwaka 2025. Ahadi yetu bado inazunguka.

Hatusemi haya kwa kulalamika, Mheshimiwa. Waheshimiwa wale walikuwa na majukumu mazito, na mmoja wao bado anatutumia salamu za sikukuu.

Tunaomba kompyuta moja. Ya pili tumeifuta wenyewe. Tunaomba kabati la chuma lenye kufuli, na chumba kimoja: kile cha nyuma, katika jengo linalosimamiwa na ofisi yako, chenye viti vilivyovunjika miguu. Viti tutavitengeneza, fundi tunaye, ni mhitimu wa uhandisi. Umeme tutalipa sisi. Kijana wa kuingiza majina amejitolea bila posho na ameshaanza kwa simu yake. Amefika herufi D.

Wala hatukuombi utoe ahadi leo. Kwa heshima zote, tungefurahi usiahidi. Ukiwa na la kusema kuhusu chumba, Katibu atakuwa mlangoni kwako Jumatatu saa mbili asubuhi, na hata akiambiwa upo kikaoni atakaa kwenye benchi.

Risala hii tumeitoa nakala mbili. Moja ni yako. Ya pili ina dispachi, nasi tunaomba saini yako kabla ya chakula.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.