Uzembe wa wakili nao ni kosa la maadili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu mawakili wetu hapa Tabora, na hasa kwa faida ya wananchi wanaowalipa.

Maadili ya uwakili yakitajwa, mazungumzo hukimbilia rushwa: wakili kala njama na upande wa pili, wakili kapeleka bahasha kwa hakimu. Hayo yana vyombo vyake. Lakini mashauri mengi ya watu wa Kaliua, Urambo, Sikonge na Nzega hayafi kwa bahasha. Yanakufa kwa tarehe iliyopita, kwa kiapo kilichopigwa muhuri hovyo, kwa shauri lililofunguliwa pasipostahili. Mteja anaambiwa "mahakama imekataa", anarudi kijijini akiamini hakimu amenunuliwa, na wakili hamwelezi kilichotokea kwa sababu maelezo yenyewe yangemrudia yeye.

Chukua hati ya kiapo, maana ndiyo karatasi inayopita ofisini kwa wakili kuliko nyingine yoyote: ya kuomba kuongezewa muda, ya kusimamisha utekelezaji wa hukumu, ya kupotelewa na hati, ya majina yasiyolingana kwenye cheti cha shule na kitambulisho cha NIDA. Pale mwisho, chini ya sahihi ya mwapaji, kamishna wa viapo, ambaye mara nyingi naye ni wakili, anathibitisha kwamba mtu huyo ameapa mbele yake. Sheria ya Manotari na Makamishna wa Viapo, Sura ya 12, inamtaka aandike jina lake na aeleze kwa ukweli kiapo kimefanyika mahali gani na tarehe gani. Huandikwa pia kama anamfahamu mwapaji yeye mwenyewe, au ametambulishwa na mtu anayemfahamu.

Ni mistari michache tu, na ndiyo inayoharibiwa. Mteja anasaini mezani kwa karani wakati wakili yuko mahakamani. Au karatasi inasainiwa Kaliua, inakuja mjini na basi, na jioni inapigwa muhuri pamoja na nyingine zilizorundikana. Tarehe inaachwa wazi, inajazwa baadaye kwa kalamu ya rangi nyingine. Mahali panaandikwa "Tabora" ilhali mwapaji hajakanyaga Tabora mwezi mzima. Siku ya kusikilizwa, wakili wa upande wa pili anasimama na pingamizi la awali. Kiapo kikitupwa, maombi hayana pa kuegemea, nayo yanaondolewa. Kama yalikuwa maombi ya kuongezewa muda, siku zinaendelea kuhesabika wakati mteja anatafuta ada ya kufungua upya, nauli, na pengine gharama za mpinzani wake.

Inavyotakiwa si kazi kubwa. Mwapaji asome maelezo yake, au asomewe kama hajui kusoma, na iandikwe kwamba amesomewa kwa lugha anayoielewa kabla ya kuweka dole gumba. Arekebishe palipokosewa. Aape na kusaini mbele ya kamishna, na kamishna ajaze sehemu yake papo hapo. Kuhusu lugha, tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, Kiingereza kikibaki kwa pale panapolazimu. Sioni ulazima gani unaomfanya bibi wa Sikonge aape juu ya aya kumi na mbili za Kiingereza. Akiulizwa maswali juu ya aya ya saba ataanguka, na atakuwa ameangushwa na wakili wake.

Tarehe sasa. Kutoka mahakama ya mwanzo kwenda mahakama ya wilaya, rufaa ni ndani ya siku 30. Kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni siku 45. Kwenye jinai, kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi kwenda Mahakama Kuu, taarifa ya nia ya kukata rufaa inatolewa ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Haya wakili yeyote anayajua kwa kichwa. Panapomshinda mara nyingi ni Mahakama ya Rufani katika mashauri ya madai. Taarifa ya rufaa ni siku 30 tangu uamuzi, kisha rufaa iwasilishwe ndani ya siku 60 tangu taarifa. Mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu ya yaliyosemwa mahakamani, mara nyingi hauwi tayari kwa muda huo, kwa hiyo kanuni zimeweka nafuu: ukiomba nakala kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu uamuzi, Msajili atatoa cheti kinachoondoa siku zilizotumika kuandaa nakala. Lakini nafuu hiyo haipatikani kama barua ya kuomba nakala haikupelekwa pia kwa mjibu rufaa, yaani upande wa pili. Barua ya mistari mitatu, na uthibitisho kwamba imepokelewa. Rufaa nzuri kabisa, yenye hoja nzito, inaweza kuonekana imechelewa kwa kukosa nakala hiyo moja.

Ikishafika hapo, mteja asidhani atajitetea kwa kusema wakili ndiye aliyezembea. Mahakama ya Rufani imekwisha kusema mara nyingi kwamba uzembe wa wakili, kwa kawaida, si sababu ya kutosha ya kuongeza muda, na kwamba mwombaji anapaswa kueleza kila siku aliyochelewa. Kwa hiyo kosa la wakili linakuwa la mteja. Ndiyo maana nasema hili ni suala la maadili. Fundi akiharibu kazi, unaweza kumpelekea fundi mwingine airekebishe. Siku 30 zikipita hakuna wa kuzirudisha.

Tuseme na upande wa wateja pia, maana nao wamo. Wapo wanaoficha nusu ya habari, wanaobadili namba za simu bila kusema, wanaosubiri malipo ya tumbaku ndipo waje na hukumu ikiwa na siku 28. Wakili makini hulijua hilo siku ya kwanza na kumwandikia mteja tarehe ya mwisho kwenye karatasi, kwa Kiswahili, aondoke nayo.

Kufungua shauri pasipostahili ni ugonjwa mwingine. Tangu marekebisho ya 2020, anayetaka kushtaki halmashauri au serikali ya kijiji anatakiwa kutoa notisi ya siku 90, nakala iende kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha shauri lifunguliwe Mahakama Kuu na Mwanasheria Mkuu aunganishwe. Bado kuna migogoro ya ardhi dhidi ya vijiji inayopelekwa Baraza la Wilaya kana kwamba sheria haikubadilika. Inasikilizwa, mashahidi wanaitwa, halafu yote yanafutwa kwa sababu baraza halikuwa na mamlaka. Hata kwa jirani na jirani, tangu 2021 baraza la kata halitoi tena hukumu ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha, na likishindwa ndani ya siku 30 ndipo mtu aende Baraza la Wilaya. Na migogoro ya ndani ya AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima vya kuuza mazao, ambayo huku kwenye tumbaku ni mingi, ina ngazi zake za usuluhishi na za Mrajisi wa Vyama vya Ushirika kabla ya mahakama. Asiyejua haya atakuwa mvivu wa kusoma. Anayejua lakini akafungua hivyo hivyo ili apokee kianzio, huyo amemwibia mteja.

Jambo linaloniuma zaidi ni kesi za mauaji. Mshtakiwa asiye na uwezo hupangiwa wakili kwa gharama za Serikali. Mawakili wanalalamika kwamba malipo yake ni madogo, na sibishani nao. Ila aliyekubali jalada amekubali kazi yote. Siku ya usikilizwaji wa awali, mwendesha mashtaka husoma maelezo ya kesi, kisha upande wa utetezi hutaja mambo usiyoyabishia. Yanaandikwa, yanasomwa, yanasainiwa, na kuanzia hapo yanahesabika yamethibitishwa bila shahidi kuitwa. Wakili aliyekutana na mshtakiwa kwa mara ya kwanza kwenye korido asubuhi ile atakubali nini na kukataa nini? Kwa haraka anaweza kukubali kwamba mteja alikamatwa mahali fulani siku fulani, kumbe hiyo tarehe ndiyo ilikuwa roho ya utetezi.

Ilipaswa aende gerezani Uyui kabla, akiwa na jalada lililotoka mahakama ya chini, lenye maelezo ya mashahidi na orodha ya vielelezo. Aangalie maelezo ya onyo, yale mshtakiwa aliyoandikwa polisi alipohojiwa: yana saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai inampa polisi saa nne za kumhoji mtu tangu kumkamata, mpaka ziongezwe kisheria, na muda wa safari ya kumfikisha kituoni hauhesabiwi. Kwa hiyo mtu aliyekamatwa Kaliua na kuhojiwa Tabora mjini anahitaji wakili aliyekaa na kalamu akapiga hesabu hiyo, si wa kubahatisha siku ya kielelezo kutolewa. Amuulize mshtakiwa alikuwa wapi siku ya tukio. Kama utetezi ni kwamba alikuwa mahali pengine, taarifa inatakiwa kutolewa kabla kesi haijaanza kusikilizwa, na ikishindikana, maelezo yake yatolewe kabla upande wa mashtaka haujafunga ushahidi. Ukikaa nao hadi siku ya kujitetea, mahakama inaweza isiupe uzito wowote. Na hapa tunazungumzia adhabu ya kunyongwa.

Fedha nitazipitia kwa haraka. Makubaliano ya malipo yawe ya maandishi, yakionyesha ni ya hatua gani: kufungua shauri tu, au hadi hukumu, au na rufaa. Ada ya mahakama hulipwa kwa kontroo namba, kwa hiyo mteja anaweza kuilipa mwenyewe kwa simu badala ya kumkabidhi karani taslimu. Fedha za mteja, hasa zile za kukazia hukumu au za mauzo ya kiwanja, hazichanganywi na za wakili. Dhamana ya polisi au ya mahakama hainunuliwi. Wakili anatoza kazi yake ya kuiombea, na aseme hivyo waziwazi.

Kuhusu vishoka, yaani wanaojifanya mawakili, njia ya kuwakwepa ipo. Kila wakili anahuisha cheti chake cha kufanya kazi kila mwaka, na kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama unaandika jina lake na kuona kama yuko hai au amesimamishwa. Nyaraka za kisheria zinatakiwa kuonyesha jina na anwani ya aliyeziandaa. Zisizo nazo ni za kutilia shaka. Lakini kishoka wa steshenari hafanyi kazi peke yake. Nyuma yake mara nyingi yupo wakili halali aliyemwachia muhuri. Huyo ndiye wa kushughulikiwa kwanza. Wasaidizi wa kisheria ni watu tofauti na hao: wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, wanaelimisha na kushauri bure, ila hawasimami mahakamani kumwakilisha mtu.

Aliyetendewa ndivyo sivyo apeleke malalamiko Kamati ya Mawakili, iliyoundwa chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341. Mtu yeyote anaweza kulalamika, na hahitaji kuwa na wakili. Asiandike kurasa tano za hasira. Aandike kwa tarehe: nilimpa jalada lini, nilimlipa kiasi gani, aliniahidi nini, uamuzi ulitoka lini, rufaa ilifunguliwa lini au haikufunguliwa. Aambatanishe risiti, makubaliano, nakala ya uamuzi uliotupa shauri, hata ujumbe wa simu uliochapishwa, na athibitishe yote kwa kiapo. Kamati inaweza kumwonya wakili, kumsimamisha, au kuamuru jina lake lifutwe kwenye daftari la mawakili. Jaji wa Mahakama Kuu naye ana uwezo wa kumsimamisha kwa muda.

Chama cha Mawakili Tanganyika kimekuwepo tangu 1954, na sheria yake inataja kulinda na kusaidia umma miongoni mwa malengo yake. Wanachama wake waliopo Tabora wangeweza kuanza na karatasi moja tu: tarehe za mwisho za rufaa, ngazi za migogoro ya ardhi na ya ushirika, namna ya kumhakiki wakili na namna ya kumlalamikia, kwa Kiswahili cha kawaida. Wamwombe Naibu Msajili ibandikwe kwenye mbao za matangazo za mahakama zote za wilaya na za mwanzo mkoani, na nakala iende ofisi za watendaji wa kata. Irekebishwe kila sheria inapobadilika.

Mdau wa sheria,
Tabora