Barua kwa Baba kuhusu amri za siri

Manchester, Uingereza

Baba,

Shikamoo. Naamini wewe na Mama hamjambo. Sisi huku tu wazima, kazi zinaendelea.

Swali lako la juzi halijibiki kwa simu, ndiyo maana naandika. Uliuliza mtu asiye na la kuficha anaogopa nini serikali ikiitaka kampuni ifungue taarifa za wateja wake. Umekuwa karani wa mahakama miaka mingi, kwa hiyo nianzie pale unapopajua kuliko mimi.

Hati ya upekuzi inataja nyumba ipi inapekuliwa na kwa sababu gani, na mwenye nyumba anaonyeshwa. Kilichotokea hapa Januari 2025 ni kitu kingine. Serikali ya Uingereza, ikitumia sheria ya upelelezi ya mwaka 2016, iliiamuru Apple iweke njia ya kufikia taarifa ambazo wateja wamezihifadhi mtandaoni zikiwa zimefungwa kwa usimbaji, kiasi kwamba hata kampuni yenyewe haina ufunguo. Haikuwa nyumba ya mshukiwa mmoja. Gazeti la Washington Post, lililofichua habari hiyo Februari, liliandika kwamba amri iligusa watumiaji wa dunia nzima. Na sheria yenyewe inaikataza kampuni hata kukiri kwamba imepokea amri ya namna hiyo. Wiki mbili baadaye Apple ikaacha kutoa kinga hiyo kwa watumiaji wapya wa huku, na ikasema walio nayo tayari watalazimika kuizima. Picha na nakala za simu za watu wasio na kosa lolote zikabaki na ulinzi pungufu.

Linganisha na Marekani mwaka 2016. FBI, idara ya upelelezi ya huko, ilitaka Apple iandike programu ya kufungua simu ya mmoja wa washambuliaji wa San Bernardino, waliokuwa wameua watu 14. Kampuni ikakataa, ikaeleza sababu zake kwa barua ya wazi, serikali nayo ikajibu mahakamani. Wananchi walisikia pande zote mbili. Mwishowe FBI ilipata njia nyingine ya kuifungua na kesi ikaachwa, lakini angalau mabishano yalikuwa hadharani. Huku, Apple ilipoipinga ile amri ya Januari 2025, serikali iliomba hata habari ya kuwepo kwa kesi iwe siri. Aprili 2025 baraza linalosikiliza mashauri ya upelelezi likakataa. Nilijua hilo litakufurahisha.

Sisemi dola isiwe na nguvu. Wapo wanaodhuru watoto, wapo magaidi, na polisi wana wajibu wa kuwasaka. Ninachokipinga kwa moyo wote ni shinikizo lisiloonekana, kwa sababu lisiloonekana halina wa kulihoji.

Sasa ongeza akili mnemba (AI) juu ya hayo, na hapa ndipo ninapokosa usingizi. Zamani hata serikali katili ilikuwa na kikomo: ilihitaji watu wa kusoma barua, kusikiliza simu, kutazama picha. Watu hao huchoka, na mmoja wao huweza kugoma. Mashine inasoma zote. Mwaka 2018 maelfu ya wafanyakazi wa Google walitia saini kupinga mradi uitwao Maven, uliotumia akili mnemba kuchambua video za ndege zisizo na rubani za jeshi la Marekani. Kampuni haikuongeza mkataba huo, na ikaahidi kutotengeneza akili mnemba kwa ajili ya silaha. Februari 2025 ahadi hiyo iliondolewa kwenye kanuni zake. Hakuna sheria iliyovunjwa, maana ahadi ya kampuni huondolewa na aliyeiweka.

Umoja wa Ulaya umejaribu kwa sheria. Tangu Februari 2025 umepiga marufuku, kwa mfano, kuzoa picha za nyuso mtandaoni kiholela ili kujenga hazina ya kuwatambua watu. Nimefurahi, ila sheria hiyohiyo haigusi matumizi ya kijeshi wala ya usalama wa taifa. Yaani mahali penye hatari kubwa kuliko pote, raia bado anategemea dhamiri ya mhandisi na msimamo wa kampuni, na vyote viwili vinabanwa gizani.

Ndiyo maana habari ya Neema kupata kazi kwenye kampuni ya akili mnemba imenigusa sana. Mpongeze kwa niaba yangu. Kabla hajasaini mkataba, tafadhali kaa naye uusome kwa jicho lako la mahakama. Aulize mteja ni nani, mfumo utatumika kwa nini, na kama mfanyakazi akikataa kazi fulani kwa sababu ya dhamiri atalindwa au atafukuzwa. Jibu alitake kwa maandishi. Wakisita kuandika, anipigie kabla ya kusaini, saa yoyote.

Msalimie Mama sana.

Mwanao