Kuhusu hicho kisu, Rehema

Rehema mpenzi,

Salamu nyingi, na unisamehe kwa kukawia kujibu. Habari za huku ni njema, nyingine tutaongea. Kilichonikalisha kuandika ni hicho kisu cha kukunja alichokushauri Juma, chenye bapa la sentimita 7, ukae nacho mkobani ukitoka zamu usiku. Shoga yangu, usikitegemee.

Hesabu kazi yake. Ufungue zipu, upapase, ukitoe, utafute kijishimo cha ukucha, kisha ulivute bapa kwa mkono wa pili. Hofu ikikupanda vidole hutetemeka, na huo mkono wa pili pengine ndio unakinga kipigo, au umeshakamatwa. Mwaka 1983 polisi wa Marekani, Dennis Tueller, alionyesha kuwa mtu hukimbia mita 6.4 kwa sekunde 1.5 hivi. Wewe hapo bado uko kwenye zipu!

Haya, tuseme kimefunguka. Vidogo vingi havina loki, bapa linashikiliwa na springi tu. Ncha ikigonga mfupa au hata kifungo, bapa hujikunja na kukukata vidole vyako mwenyewe. Chenye loki ni afadhali, ila nyuzi za mfukoni zikijaa ndani au skrubu ikilegea, loki haishiki. Mpini nao hauna kingio, mkono wenye jasho huteleza hadi kwenye makali. Na aliyekatwa haanguki papo hapo. Wengine hata hawasikii jeraha kwanza. Atakuwa bado amekushika, na kisu anaweza kukunyang'anya.

Sheria pia. Uingereza, kisu cha kukunja kisicho na loki, chenye makali yasiyozidi inchi 3, mtu hubeba bila kuulizwa sababu. Akisema ni cha kujilinda, tayari kimekuwa silaha na ni kosa. Huko uliko wanasemaje?

Kinunue kama unataka cha kukatia kamba, sawa. Usiku shika tochi mkononi, filimbi iwe shingoni, si mkobani. Akitaka mkoba, utupe upande mmoja, kimbilia mwingine penye watu.

Hivi, zamu inaisha saa ngapi hasa? Wewe na mwenzako Zawadi bado mnatoka kazini pamoja? Na ile taa ya njiani imetengenezwa? Kuna mtu amekutisha, Rehema, au ni maneno ya Juma tu? Nijibu upesi.

Wako,
Mwanaidi